Omer Piérard Katika Filamu za Alhamisi

Kila Alhamisi saa nane kasorobo mchana, Ghislaine Piérard alifungua ukumbi wa parokia ya Haumelle, akafunga mapazia manne ya kijani yanayotazama mfereji, akapanga viti kumi na vitano, akawasha mashine ya kahawa. Viti vilivyokaliwa kwa kawaida vilikuwa tisa. Sita vya ziada aliviweka kwa mazoea. Alikuwa mkata tiketi katika sinema ya mji kwa miaka ishirini na miwili, mpaka ilipofungwa na kugeuzwa duka la magodoro, na ukumbi usio na viti vitupu ulimfanya ajione kama amesahau kumwalika mtu.

Klabu ilikuwa na sheria moja. Kila wiki mwanachama mmoja alileta filamu anayoipenda, akasimama mbele, akaeleza kwa nini anaipenda. Mpaka kahawa imiminwe, hakuna aliyeruhusiwa kuisema vibaya. Baada ya kahawa walisemana hadi jioni.

Mwalimu Loriaux, aliyefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, alipenda filamu ndefu ambazo mtu anangoja treni kwenye theluji na treni haiji. Tullio Bergamin, kinyozi wa mtaa wa juu, alipenda za kauboi. Alisema kwamba wakati wa filamu za Mwalimu angeweza kumnyoa mteja ndevu, zikaota, akamnyoa tena, kabla stelingi hajageuza shingo. Nadège, mfamasia, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake kwa miaka ishirini, alipenda za dansi. Na Daktari Hadelin Cornet alipenda za baharini, ingawa hata boti za mferejini zilimtia kichefuchefu.

Daktari ndiye aliyejua kupendekeza. Wengine walimpa mtu filamu wanayoipenda wao. Yeye alimtazama mtu, kisha wiki iliyofuata akamletea filamu ambayo mtu huyo alikuwa akiihitaji bila kujua. Ghislaine alipofiwa na mumewe, miaka kumi na mmoja nyuma, Daktari alikuja mlangoni kwake kila Jumatatu na diski moja ndani ya bahasha ya dawa, na juu ya bahasha maelekezo kwa mwandiko wake uliolala upande. *Itazame ukiwa umekula. Hii usiitazame peke yako. Ukilia dakika ya arobaini, endelea tu.* Wiki ya kumi na tisa alileta filamu ya tarishi aliyepewa mbuzi badala ya baiskeli. Ghislaine alicheka, akainuka kitini, akafungua madirisha ya nyumba nzima. Mwezi uliofuata alimwendea padri kuomba ufunguo wa ukumbi.

Mumewe aliitwa Omer. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha shiti za asbesto za kuezekea, ng'ambo ya daraja, kwenye karakana ya kukatia, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa mweupe nyusi na masikio. Daktari Cornet alikuwa daktari wa kiwanda. Ndiye aliyeandika kwenye cheti cha kifo kwamba mapafu ya Omer yaliharibiwa na tumbaku. Omer hakuwahi kuvuta sigara hata moja, kwa sababu alifuga njiwa wa mashindano na njiwa hawapendi moshi. Ghislaine alikisoma cheti, akakikunja, akakiweka kwenye droo ya vitambaa vya meza. Jumatatu ya kwanza diski zikaanza kuja. Mambo hayo mawili hakuwahi kuyaweka pamoja kichwani mwake.

Alhamisi ya pili ya Oktoba ilikuwa zamu ya Tullio. Alisimama mbele ya pazia jeupe, mikono nyuma.

"Hii nimeitazama mara arobaini," alisema. "Naipenda kwa sababu stelingi ana maneno kumi na moja tu filamu nzima, na yote ni ya kweli. Nina wateja hapa mjini wanaongea maneno elfu moja kabla sijawafunga kitambaa shingoni. Basi. Zimeni taa."

Ilikuwa filamu ya mtu anayetafuta kisima cha kaka yake jangwani. Dakika ya ishirini stelingi aliingia baa, akaweka kofia kaunta. Mwisho wa kaunta hiyo alikuwa amesimama Omer Piérard. Alivaa ovaroli yake ya bluu ya kazini na chini ya kwapa alikuwa na kikapu cha njiwa. Stelingi alipopiga meza kwa ngumi, vumbi jeupe lilitoka kwenye mabega ya Omer, likapanda taratibu kwenye mwanga wa dirisha, likaelea hapo kama unga. Adui, aliyekuwa anacheza karata, alipangusa kofia yake.

"Yule ni Omer," alisema Ghislaine.

"Ndiye," alisema Mwalimu Loriaux. "Amekonda kidogo."

"Hakuwemo humu," alisema Tullio. "Mara arobaini, na hakuwemo."

"Kwani ungemwona? Wewe huwa unatazama farasi tu," alisema Mwalimu.

Waliendelea kutazama. Omer alionekana tena kwenye mazishi, nyuma ya umati, na mara ya mwisho kwenye kisima, alipompokea stelingi ndoo. Wakati wa kahawa walikubaliana kwamba alikuwa ametulia vizuri mbele ya kamera kuliko wengi waliosomea kazi hiyo. Nadège alisema anaonekana kama mtu ambaye hajui anatazamwa. Ghislaine alisema ndivyo alivyokuwa hata nyumbani. Daktari Cornet aliukata mkate wa sukari aliokuja nao vipande tisa vilivyo sawa kabisa.

Ghislaine aliazima diski ile, akaitazama nyumbani mara tatu. Omer alikuwepo mara zote tatu. Jumapili filamu hiyohiyo ilionyeshwa kwenye televisheni, na Omer hakuwemo. Mwisho wa kaunta palikuwa na pipa.

Wiki iliyofuata Nadège alileta ya hoteli ambayo wageni wote hucheza dansi. Omer alikuwa mbeba mizigo, na kwenye ngazi kubwa alipita na masanduku mawili katikati ya wanawake thelathini waliovaa manyoya, naye hakumgusa hata mmoja. Wiki baada ya hapo Mwalimu alileta filamu ya Kiromania iliyopata tuzo tatu, kuhusu mlinzi wa bwawa. Walitazama saa mbili na nusu. Omer hakuja.

"Labda amelala," alisema Tullio. "Mimi mwenyewe nililala."

"Ni filamu muhimu sana," alisema Mwalimu.

"Muhimu sawa. Unaipenda?"

Mwalimu Loriaux alikoroga kahawa yake muda mrefu, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Siipendi," alisema mwishowe. "Niliona aibu kuleta ninayoipenda. Ni ya mbwa anayerudi nyumbani."

Alhamisi iliyofuata alileta ya mbwa, na Omer alikuwemo tangu dakika ya kwanza. Alimfungulia mbwa geti, akamchotea maji, akatembea naye kando ya reli kipande kizima cha filamu, huku akikohoa. Mwalimu alilia waziwazi, na Tullio akampa leso bila kumtania. Hivyo ndivyo walivyojua. Omer alikuja kwenye filamu zilizopendekezwa kwa moyo, na zilizopendekezwa kwa kujionyesha hakuzikaribia.

Majira ya baridi yalikuwa mazuri kwa Ghislaine. Watu walijua, na walimletea. Mwoka mikate alimpa kwenye mfuko mmoja na mkate filamu ya mapenzi iliyomwozesha. Mwanamke wa posta alimpa ya majambazi, akasema mumewe haijui hiyo, isitoke nje. Padri alimpa moja aliyoifunga kwenye gazeti. Ghislaine alizitazama zote mchana, mapazia yakiwa yamefungwa, blanketi magotini. Alimwona mumewe akivuka mitaa ya miji ambayo hawakuwahi kwenda, akipanga foleni ya mkate vitani, akishika taa kwenye pango. Mara nyingine alikuwa mbali sana, doa la bluu kilimani, naye alisogeza kiti mpaka joto la kioo cha televisheni likamgusa paji la uso. Mwanga wa nje ulipungua bila yeye kujua. Ilimjia kwamba katika miaka thelathini ya ndoa hajawahi kumtazama Omer muda mrefu hivi.

Alichoona ni kwamba alikuwa anazidi kukohoa. Filamu za Novemba alikohoa mara moja moja, akigeukia ukuta. Kufikia Januari waigizaji walikuwa wanamsubiri. Mpenzi alifungua mdomo kusema neno lake, akaufunga, akangoja mtu yule nyuma yake amalize, ndipo akasema. Filamu ya dakika tisini sasa ilichukua dakika mia na kumi. Na vumbi lilikuwa linaongezeka. Katika filamu ya Nadège ya mwezi ule, wachezaji wote walimaliza dansi ya mwisho wakiwa weupe nyusi na masikio, na waliinama mbele ya watazamaji hivyohivyo.

"Hiyo si tumbaku," alisema Nadège wakati wa kahawa. Alisema tu, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. "Tumbaku haitoki kwenye nguo namna hiyo."

Hakuna aliyemtazama Daktari Cornet. Daktari aliomba radhi kwamba mkate wa sukari wa leo umekauka.

Zamu ya Daktari ilikuwa imefika mara mbili tangu Oktoba, na mara mbili alikuwa ameumwa mgongo. Mara ya tatu alikuja. Alileta filamu ya vichekesho, ya mapacha wanaochanganywa kwenye harusi, na alipoieleza alitumia maneno mazuri mengi. Walitazama. Mapacha walichanganywa. Kwenye harusi kulikuwa na wageni mia mbili, na Ghislaine aliwapitia mmoja mmoja, meza kwa meza. Omer hakuwemo.

Taa zilipowashwa, Tullio alinyoosha miguu.

"Daktari, na wewe?" alisema. "Kwa Mwalimu tulitarajia, anapenda tuzo. Lakini wewe?"

"Ni filamu nyepesi," alisema Daktari. "Nilidhani mnahitaji kitu chepesi."

"Sisi tunahitaji yako," alisema Ghislaine. Alikuwa anamimina kahawa, na hakuinua macho. "Ya baharini. Ile ya nahodha wa meli ya chumvi. Umenipa filamu hamsini na mbili mwaka ule, Daktari, na ile hukunipa. Siku niliyokuja kwako kukurudishia diski niliiona rafuni. Ilikuwa imechakaa kuliko zote."

"Ile si nzuri. Sauti yake mbovu."

"Lete tu."

Daktari alikuwa mtu mrefu, aliyezoea kuinama ili asikie watu wafupi. Sasa aliinama bila kuwa na mtu mbele yake.

"Sawa, Ghislaine," alisema. "Nitaileta."

Aliileta. Siku hiyo kulikuwa na watu kumi na wanne, maana habari ilikuwa imeenea, na miongoni mwao wajane wanne wa wanaume waliofanya kazi karakana moja na Omer. Daktari alisimama mbele, akashika mgongo wa kiti.

"Niliitazama mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa," alisema. "Nahodha anajua chini ya meli kuna tundu. Anajua tangu bandarini. Kila siku anashuka, analitazama, anapanda, anawaambia mabaharia hali ya hewa ni nzuri. Naipenda kwa sababu..." Alifikiri. "Naipenda tu. Mama yangu alikuwa anaipenda."

Ilikuwa nzuri. Bahari ilikuwa ya kijivu na laini, ikapanda na kushuka kwenye pazia jeupe mpaka watu kadhaa ukumbini wakapumua kwa mwendo wake. Kwa nusu saa Omer hakuonekana, na Tullio alianza kukohoa kwa makusudi. Kisha nahodha alitoka chini, akapanda sitaha, na Omer alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi, amevua shati. Shati lilikuwa limekunjwa vizuri magotini. Aliketi wima, kama watu wanavyoketi wanapongoja kupimwa.

Nahodha alisimama. Mabaharia waliacha kamba. Upepo ulitulia, na sauti mbovu ya filamu ilikoma, ikabaki pumzi ya Omer peke yake, ikiingia na kutoka, na kila ilipoingia ilisikika kama mtu anayekunja karatasi nene polepole. Aliendelea hivyo dakika nne. Halafu alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi, akainyoosha kuelekea ukumbini, na mkono wa pili alishika kalamu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uso wake wa kumsubiri mtu anayetafuta miwani.

Alikaa na karatasi mkononi kwa muda mrefu. Mwanga wa projekta ulipita juu ya vichwa vya watu, na ndani yake vumbi lilielea, la filamu na la ukumbi, haikuwezekana kuyatenganisha. Daktari Cornet alikuwa safu ya pili. Mwishowe Omer aliirudisha karatasi mfukoni, akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaenda kuwasaidia mabaharia kuvuta kamba. Meli ilizama, kama ilivyokuwa inazama siku zote, ila sasa dakika ya mia na kumi na sita.

"Siikumbuki ikiwa na urefu huu," alisema Daktari.

Watu walikunywa kahawa, wakaisifu bahari. Walipoondoka, Ghislaine alianza kupangilia viti ukutani na Daktari akamsaidia. Walifanya hivyo kila wiki. Yeye alichukua viwili viwili, Daktari kimoja kimoja kwa sababu ya mgongo.

"Hadelin," alisema Ghislaine. Jina hilo hakuwahi kulitumia. "Ulijua?"

"Nilikuwa na picha za kifua chake. Za miaka sita."

"Na ukaandika tumbaku."

"Mkurugenzi alikuwa ameniletea neno la kuandika. Kwa wote. Ningeandika jingine, kiwanda kingefungwa, na mji ungesema nani amekifunga?" Aliweka kiti. "Kilifungwa hata hivyo."

"Basi andika sasa. Cheti kiko kwenye droo. Ofisi ya fidia wanataka karatasi mpya yenye saini ya daktari yuleyule, nimeshauliza. Mstari mmoja tu."

"Nikiandika cha Omer nitaandika vya wote. Ni thelathini na mmoja."

"Andika thelathini na mmoja. Mimi nitakutengenezea kahawa."

Daktari aliketi kwenye kiti alichokuwa amebeba. Aliitazama mikono yake, wa kwanza, kisha wa pili, kama vitu alivyoletewa na mgonjwa. Ghislaine alingoja. Mferejini boti ilipita, na mapazia ya kijani yaliwaka kidogo, yakazima.

"Siwezi, Ghislaine," alisema. "Nimejaribu. Tangu Oktoba nimekaa mezani mara nyingi. Kalamu inaandika lile lile." Kisha alisema, kwa ile sauti yake ya upole ya Jumatatu: "Lakini nina filamu nyingine kwa ajili yako. Ya mnara wa taa. Nadhani ndani yake utamwona karibu zaidi kuliko zote."

Ghislaine alijua kwamba angepaswa kumfukuza. Baadaye alimweleza Nadège kwamba maneno ya kumfukuza yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno. Lakini alifikiria mnara, na ngazi, na Omer akipanda na taa, karibu.

"Ilete," alisema.

Jumatatu filamu ilikuja, ndani ya bahasha ya dawa. *Itazame ukiwa umekula.* Na ilikuwa kweli: Omer alisogea karibu hata likaonekana kovu la kidevuni, lile la mlango wa banda la njiwa.

Mwezi wa Machi alichukua diski ya nahodha, akapanda treni mpaka mji mkubwa, kwenye ofisi ya fidia. Karani aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sweta la njano na mkate wa jibini kwenye droo. Alikuwa mpenzi wa filamu, akafurahi kupata kazi ya namna hiyo. Aliiweka diski kwenye kompyuta yake na wote wawili walitazama kutoka mwanzo, kwa sababu karani alisema hapendi kuruka vipande.

Omer alivua shati. Alipumua dakika zake nne. Alinyoosha karatasi.

"Namwona," alisema karani. "Anaonekana mtu mstaarabu."

"Alikuwa hivyo."

"Na kifua hicho, mama, kinasikika. Baba yangu alikuwa nacho." Alisimamisha filamu, akafungua faili, akasoma fomu kurasa zote tatu kwa kidole. "Tatizo ni hapa. Shahidi asiwe na maslahi katika shauri. Sasa mumeo ndiye marehemu."

"Ndiye."

"Basi ana maslahi. Ingekuwa marehemu mwingine, ningeweza kuuliza wakubwa." Alifikiri, akataka kweli kusaidia. "Ile karatasi anayoishika. Ina saini?"

"Haina. Ndiyo anayotaka isainiwe."

"Aa," alisema karani. Alitoa diski, akaifuta kwa sweta, akairudisha kwenye jalada lake. Kisha aliandika kitu kwenye kipande cha karatasi na kumpa. Ghislaine alikisoma kwenye treni. Ilikuwa filamu ambayo karani aliipenda kuliko zote, ya dada wawili wanaouza maua kwenye kituo cha mafuta. Aliitafuta, akaipata, akaitazama. Omer alikuwa ananunua maua.

Mwaka ule wajane wengine walianza kuja Alhamisi, kila mmoja na filamu yake, na wanaume wao wakaanza kuja nao. Viti kumi na vitano havikutosha tena. Filamu zilijaa. Stelingi alilazimika kupita upande upande kati ya watu wenye ovaroli za bluu, akiomba njia. Katika filamu moja ya Mwalimu, mtu aliyengoja treni kwenye theluji alikuwa peke yake tangu mwaka elfu moja mia tisa sitini na nane. Sasa alikuwa na wenzake ishirini na wawili jukwaani, wakipiga miguu chini kwa baridi na kukohoa kwa zamu. Mwalimu alisema haikuharibika. Tullio alisema imekuwa bora, sasa kuna watu.

Daktari Cornet alikuja kila wiki na mkate wake wa sukari. Wajane walimsalimia. Baadhi yao walimwomba filamu, naye aliwatazama, na wiki iliyofuata aliwaletea ile hasa. Hakuna aliyejua kupendekeza kama yeye. Ukimuuliza yeyote kati yao atakwambia hivyo mpaka leo, na hatasema kwa kejeli.

Daktari Cornet alikufa Februari iliyofuata, asubuhi, akivaa viatu. Daktari kijana aliyemrithi aliandika moyo, na ulikuwa moyo.

Alimwachia Ghislaine filamu zake zote, mia mbili na kumi na nne, kila moja ndani ya bahasha ya dawa, na juu ya bahasha ameandika inamfaa nani na kwa huzuni gani. Nyingine zilikuwa za watu ambao hawajafiwa bado. Ghislaine alizipanga kwenye kabati la parokia, penye vinara vya mishumaa. Miongoni mwa bahasha alitafuta karatasi nyingine, yenye mstari mmoja au mistari thelathini na mmoja. Alitafuta siku mbili, akishirikiana na Nadège. Haikuwemo.

Alhamisi ya baada ya mazishi ilikuwa zamu yake mwenyewe, naye alileta ya nahodha wa meli ya chumvi. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa mpaka mlangoni.

"Ninaipenda," alisema. Alionekana kama anayejisikiliza. "Nilifikiri siipendi, lakini jana niliitazama bahari ile nikaona ninaipenda. Zima, Tullio."

Bahari ilikuja, ya kijivu na laini. Nusu saa ilipita. Nahodha alipanda sitaha. Juu ya magunia ya chumvi hapakuwa na mtu, kwa sababu wanaume wote thelathini na mmoja walikuwa wamesimama foleni, mashati mkononi, kutoka kwenye mlingoti mpaka ukingo wa kushoto wa pazia. Kichwani mwa foleni kulikuwa na meza, na mezani alikuwa ameketi Daktari Cornet na koti lake jeupe. Hakuonekana kuwa na kichefuchefu.

Alimpima wa kwanza. Aliinama ili asikie, akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza mbele na mgongoni, bila haraka, macho yamefumbwa. Alimshika yule mtu begani. Kisha alichukua kalamu, akaandika, akampa karatasi. Akaja wa pili. Alimsikiliza vilevile. Ukumbini wajane waliwajua waume zao kwa migongo, na kila mmoja zamu ya mumewe ilipofika alinyanyuka kidogo kitini. Omer alikuwa wa tisa. Daktari alimsikiliza muda mrefu kuliko wengine. Machozi yalimtoka, akayaacha. Aliandika, akaupuliza wino, akampa.

"Anaandika nini?" aliuliza Tullio.

Nadège alikuwa mbele kabisa na ndiye mwenye macho mazuri. Alingoja mpaka Omer ageuke na karatasi ikapata mwanga.

"Tumbaku," alisema.

Omer aliisoma. Alitoa karatasi nyingine, tupu, kutoka mfukoni, akarudi nyuma kando ya foleni, akiwapita wenzake mmoja mmoja, akasimama mwisho, kwenye ukingo wa kushoto. Wenzake nao, kila aliyemaliza, alikwenda kusimama nyuma. Nahodha aliwaambia mabaharia kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Pale kwenye ukingo wa kushoto watu walionekana kwa ukubwa wao kamili. Ghislaine alichukua kiti chake, akapita mbele ya miguu ya watu akiomba radhi kwa sauti ya chini, akakiweka hapo, bega kwa bega na pazia. Aliketi, mkoba juu ya magoti, kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa wake hospitali. Foleni iliposogea hatua moja, alisogeza kiti.